Duka Linapokataa Kuuza Kitabu

Ndugu msomaji, tangu hapo kale mwenye duka ana hiari ya kuchagua bidhaa zake. Mwuza vitabu vya mitumba, yule anayetandaza mali yake juu ya turubai kando ya njia wapitapo wafanyakazi wakienda kituo cha basi, halazimiki kukueleza kwa nini ana riwaya kumi na tano za mapenzi na hana hata kitabu kimoja cha siasa. Usipokiona ukitakacho, unamwaga kwa heri, unavuka barabara na kumwuliza mwenzake. Hakuna aliyeonewa. Wala hatusemi kwamba amekipiga kitabu marufuku. Twasema tu kwamba hakimpendezi, au hakimlipi.

Sasa mchukue muuzaji huyo huyo, umpe turubai lisilo na mwisho. Umpe wateja wa nchi nzima, na wa nchi jirani, na wa ng'ambo ya bahari. Wenzake wa upande wa pili wa barabara wafunge mmoja mmoja, kwa kuwa hawawezi kuuza kwa bei yake. Siku atakaposema, "Kitabu hiki siuzi," wewe utavuka barabara ipi?

Swali hili si la kubuni. Kampuni ya Amazon ilianza kuuza vitabu kwa njia ya mtandao mwezi Julai 1995 katika jimbo la Washington, Marekani. Oktoba 2020, kamati ndogo ya Bunge la Wawakilishi la nchi hiyo ilitoa ripoti juu ya makampuni makubwa ya mtandao, na humo ikaelezwa kwamba zaidi ya nusu ya vitabu vya karatasi vinavyouzwa Marekani vilikuwa vikipita katika mikono ya Amazon, na vile vya kielektroni zaidi ya asilimia 80. Mchapishaji anayefungiwa mlango huo anaruhusiwa kuuza kwingine, ni kweli. Hata mkulima aliyenyimwa lori anaruhusiwa kubeba magunia kichwani.

Nao wanaonunua huko si Wamarekani peke yao. Kijana wako anayesoma Uingereza hununua huko. Ndugu zetu walioko Ghuba hununua huko. Nawe unayesoma kwa simu wakati daladala imekwama, huenda kitabu ulichonacho mkononi kimetoka katika ghala hilo hilo.

Tuanze na jambo lisilo na mabishano mengi. Mwezi Novemba 2010 iligunduliwa kwamba Amazon ilikuwa ikiuza kitabu cha kielektroni, kilichotolewa na mtu binafsi bila mchapishaji, ambacho kiliwatetea na kuwapa mawaidha watu wazima wenye tamaa na watoto wadogo. Wazazi walipolalamika, kampuni ilijibu kwanza kwamba kukataa kuuza kitabu kwa sababu tu ujumbe wake unachukiza ni aina ya udhibiti. Wateja wakatishia kususia duka zima. Kelele zile zile zikakipandisha kitabu katika orodha ya mauzo. Kisha, katika muda mfupi sana, kikatoweka. Mwandishi wake alikamatwa mwezi uliofuata na kupelekwa Florida kujibu mashtaka mahakamani.

Sijaona mzazi ambaye angemlilia mwandishi huyo, na mimi simlilii. Lakini tazama mwenendo wenyewe. Leo kanuni ni kwamba duka haliingilii uchaguzi wa msomaji. Kesho kanuni hiyo haipo, wala hakuna aliyetangaza mpya. Sheria ndiyo iliyomfikia mwandishi kwa jina, kwa hati na kwa hakimu. Duka lilifikiwa na kelele tu. Na duka linaloongozwa na kelele halina hakika kelele za kesho zitatoka kwa nani.

Hofu nayo huleta pupa. Oktoba 2013, kampuni ya vitabu ya WHSmith ya Uingereza ililazimika kufunga tovuti yake nzima, baada ya kubainika kwamba vitabu vya kielektroni vinavyosifu ubakaji na zinaa ya maharimu vilikuwa vikijitokeza jirani na vitabu vya watoto. Vilitoka kwa kampuni ya Kobo, ambayo nayo ikaviondoa katika soko la Uingereza vitabu vyote vilivyotolewa na waandishi wenyewe, vichafu pamoja na visafi, ili ivichambue baadaye. Mwandishi wa hadithi za upelelezi, ambaye hakuandika hata neno moja la aibu, alijikuta nje pamoja na wahuni. Hakuna aliyekuwa amevisoma kabla ya kuviweka rafuni, basi hakuna aliyejua kipi cha kutoa.

Mwezi Aprili 2009 lilikuwa limetokea jambo jingine huko Amazon, la kimya zaidi. Vitabu 57,310, vingi vikiwa vya mambo ya jinsia, afya na uzazi, vilipoteza namba za mauzo, na hivyo vikawa havionekani kwa urahisi mtu anapotafuta. Kampuni ilieleza kwamba lilikuwa kosa la kuviainisha. Twaweza kuamini. Lakini fikiri, ndugu msomaji: maktaba ya mji mzima inaweza isiwe na vitabu 57,310, nao wote walifichwa kwa kosa la ofisini, pasipo mtu hata mmoja kukusudia kuficha. Zamani mdhibiti alihitaji wino mweusi, askari na gari.

Nije kwenye vitabu vya watoto, maana ndivyo vinavyotugusa zaidi katika ukurasa huu.

Tarehe 2 Machi 2021, kampuni inayosimamia kazi za Dr. Seuss, yule mwandishi na mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 1991, ilitangaza kwamba haitachapa tena vitabu vyake sita kwa sababu vina picha zinazodhalilisha watu. Kimojawapo ni "If I Ran the Zoo" cha mwaka 1950, ambamo Waafrika wawili wamechorwa pekupeku, wamevaa majani kiunoni, kama kwamba nao ni sehemu ya wanyama wanaokusanywa kwa ajili ya bustani. Uamuzi huo ulikuwa wa wenye mali, na mwenye mali ana haki ya kuona haya. Lakini soko la eBay lilikwenda mbali zaidi. Huko wanaouza ni watu wa kawaida, wanaotoa vitu vya nyumbani mwao. Nao wakaanza kuambiwa kwamba nakala zao za zamani za vitabu hivyo sita haziruhusiwi tena, kwa kuwa zinakiuka kanuni juu ya vitu vya kuudhi. Bibi aliyetaka kuuza kitabu alichomsomea mwanawe miaka arobaini iliyopita akawa kama mwuza magendo.

Matokeo yake? Bei za nakala zilizosalia kwingine zilipanda kufikia mamia ya dola, na vitabu vingine vya mwandishi huyo huyo vikajaa katika safu za juu za orodha ya mauzo ya Amazon.

Kipo kitabu kingine kinachotuhusu kwa karibu zaidi sisi watu wa sehemu hizi. Mwaka 1930 na 1931, gazeti la watoto huko Brussels lilitoa kwa mfululizo hadithi ya picha iitwayo "Tintin au Congo". Mchoraji wake, Hergé, alikuwa kijana ambaye hakuwa amefika Kongo. Humo Mwafrika amechorwa mweusi kama mkaa, mdomo umevimba, anasema lugha iliyovunjika, anamwogopa mbwa na kumtii mtoto wa Kizungu. Treni inapopinduka, mbwa anawakemea abiria kwa uvivu wao. Mwishoni wanakijiji wanasujudia sanamu za Tintin na mbwa wake. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kikongo habari za nchi yao, na nchi yao hiyo ni Ubelgiji. Mwaka 1946, hadithi ilipochorwa upya kwa rangi, somo hilo lilibadilishwa likawa la hesabu.

Wakati Hergé akichora uvivu huo, reli za Kongo zilikuwa zimejengwa kwa mikono ya nani? Shaba ya Katanga ilikuwa ikichimbwa na nani? Katika migodi ile na katika kambi zile watu walizungumza Kiswahili, kama wewe na mimi, na mfereji wa jasho lao ulimwagikia Ulaya. Hergé mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba alichora akiwa amelishwa dhana za watu wa tabaka alimokulia.

Julai 2007, tume ya Uingereza ya usawa wa mataifa na rangi ilisema kwamba kitabu hicho hakifai kuuzwa. Maduka ya Borders hayakukiondoa. Yalikihamisha kutoka rafu ya watoto hadi rafu ya watu wazima. Magazeti yakaandika, redio zikasema, na katika siku chache mauzo yake huko Amazon yaliripotiwa kupanda kwa asilimia 3,800. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wangekuwapo Julai ile wangeongeza la tatu, kwamba kilichokemewa hukimbiliwa.

Mwaka huo huo, raia mmoja wa Kongo aliyekuwa akiishi Brussels alikwenda mahakamani kuomba kitabu kizuiwe, au angalau kiwekewe onyo. Kesi ilichukua miaka. Mwezi Februari 2012 mahakama ilimkatalia, ikisema kwamba sheria inataka pawepo nia ya kubagua, na kwamba katika mazingira ya zama zile nia hiyo haikuthibitika. Alikata rufaa, na Desemba ya mwaka huo ikakataliwa pia.

Alishindwa, na inauma. Hata hivyo yeye alipata kitu ambacho yule bibi wa eBay hakukipata: alisimama mbele ya watu wenye majina, akasema neno lake, akajibiwa kwa maandishi na kwa sababu, na leo mtu yeyote anaweza kuzisoma sababu hizo na kuzipinga.

Wengine watasema, na wana haki ya kusema, kwamba kitabu kinachomtukana Mwafrika hakistahili kuhurumiwa na Mwafrika. Mimi naona kinyume. Kitabu hicho ni ushahidi. Kijana wa Lubumbashi au wa Kigoma anapoelezwa kwamba babu zake walidharauliwa, na aone kwa macho yake jinsi watoto wa Ulaya walivyofundishwa dharau hiyo kwa rangi nzuri na vichekesho, kabla ya kwenda kulala. Kitabu kikifutwa, anayepumzika ni mjukuu wa mwenye kudharau; wetu anabaki na hadithi isiyo na hati. Lakini simaanishi kwamba kiwekwe kitandani pa mtoto wa miaka sita. Toleo la rangi lililotolewa Uingereza mwaka 2005 lilitiwa dibaji ya kueleza zama zake. Maktaba ya umma ya Brooklyn, New York, ilikifungia nakala yake katika chumba cha nyuma, atakaye kukisoma aombe. Hizo ni kazi za mtu aliyefikiri kabla ya kutenda.

Hali ni hiyo hiyo kwa sumu kali zaidi. Mwezi Februari 2020, Jumba la Makumbusho la Auschwitz, huko Poland, lililalamika hadharani kwamba Amazon inauza vitabu vya watoto vya Manazi, kikiwamo "Der Giftpilz", maana yake uyoga wenye sumu, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1938 na Julius Streicher ili kuwafundisha watoto kuwachukia Wayahudi. Huyo ni yule Streicher aliyenyongwa mwaka 1946 baada ya hukumu ya Nuremberg. Kumwuzia mzazi kitabu hicho kana kwamba ni hadithi ya sungura, bila neno hata moja la kukieleza, ni aibu. Waliolalamika walikuwa na haki, na vitabu hivyo vikaanza kuondolewa. Ila mwezi uliofuata duka hilo liliondoa matoleo mengi ya "Mein Kampf" cha Hitler, na siku chache baadaye kikarudi. Kwa nini kilitoka? Kwa nini kilirudi? Mteja hakuambiwa la kueleweka.

Hapo Ujerumani kwenyewe walichukua njia ndefu. Hakimiliki ya kitabu hicho ilipokwisha mwishoni mwa mwaka 2015, wanahistoria wa taasisi moja ya Munich walikuwa wamekwisha kuandaa toleo la juzuu mbili, kurasa zipatazo 2,000, lenye maelezo yapatayo 3,500 yanayoufuata kila uwongo na kuujibu papo hapo. Likatoka Januari 2016. Hiyo ndiyo dawa, lakini ni kazi ya miaka, na duka la mtandao halina subira ya miaka.

Ugumu zaidi unakuja katika mambo ambayo watu wazima wenye akili timamu bado wanabishana. Mwezi Februari 2021 Amazon iliacha kuuza kitabu cha Ryan T. Anderson kiitwacho "When Harry Became Sally", kinachopinga mawazo mapya juu ya watu wanaobadili jinsia. Kilikuwa kimeuzwa humo kwa miaka mitatu. Maseneta wanne walipouliza, kampuni iliandika mwezi Machi kwamba imeamua kutouza vitabu vinavyoelezea utambulisho wa watu hao kuwa ni ugonjwa wa akili. Mwandishi alikana kwamba kitabu chake kinasema hivyo. Uwe upande wake au uwe upande wa wale aliowaudhi, ambao nao ni watoto wa watu na wana machungu yao, utaona upungufu ule ule: jibu lilitoka kwa sababu walioandika barua ni maseneta. Mwandishi asiye na seneta angeandika barua ngapi?

Kanuni zenyewe, ukizisoma, zinataja chuki, ugaidi, unyanyasaji wa watoto na mengine ambayo sote tunayajua kuwa mabaya. Kisha mwishoni kuna kijineno cha kukamata kila kitu kilichosalia, yaani chochote ambacho kampuni yenyewe itakiona hakifai au kinaudhi. Mwenye nyumba wako akikuandikia mkataba wa namna hiyo, utalala usingizi?

Wala nguvu hii haiko kwa mwenye rafu tu. Mapema mwaka 2012 kampuni ya PayPal, ambayo kazi yake ni kupitisha malipo, iliambia duka la Smashwords liondoe aina fulani za hadithi za ngono la sivyo litakatiwa huduma. Waandishi na watetezi wa haki walipopiga kelele, PayPal ililegeza mwezi Machi. Karani wa fedha alikuwa amekwisha kuwa mhariri.

Tufananishe na la hapa nyumbani. Februari 2023, Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kwamba vitabu 16 visitumike mashuleni, ukiwamo mfululizo wa "Diary of a Wimpy Kid". Wapo waliomsifu, wapo waliomlaumu, na mabishano yakafika mezani kwa watu wakati wa chakula. Sitaki kuyarudia leo. Nataka uone tu kwamba tulijua nani ameamua, ameamua lini, vitabu gani, na mahali gani havitakiwi. Mzazi asiyeridhika alikuwa na mlango wa kubisha, na mbunge wa kumsumbua. Kitabu kinachotoweka katika duka la mtandao hakiachi tangazo ukutani. Unatafuta jina, unaonyeshwa vitabu vingine vinavyofanana nalo, na unadhani umekosea herufi.

Basi tutake nini? Simtaki mwenye duka alazimishwe kuuza kila uchafu. Lakini duka lenye zaidi ya nusu ya soko la nchi linaweza kudaiwa mambo ambayo hatumdai mwuza mitumba: liandike kanuni zinazoeleweka, likiondoa kitabu liseme limeondoa na liseme kwa nini, limsikilize mwandishi kabla na si baada, na orodha ya vilivyokataliwa iwe wazi ili kila mtu aione. Kuhusu watoto, rafu ya watu wazima na dibaji nzuri vinafanya kazi nyingi kuliko shoka. Kazi iliyobaki ni yako, mama, na yako, baba: kujua mtoto anasoma nini, na kuketi naye anapofikia ukurasa wenye picha ya aibu. Duka haliwezi kukusaidia hapo hata likitaka.

Neno la mwisho ni juu ya vitabu hivi visivyo na karatasi. Mwezi Julai 2009 wasomaji waliokuwa wamenunua nakala za "1984" na "Animal Farm" za George Orwell kwa ajili ya chombo cha kusomea cha Kindle waliamka wakakuta hazimo. Zilikuwa zimetolewa na mtu asiye na hakimiliki. Amazon ilipotambua hivyo ilizifuta kwa mbali, ikarudisha fedha. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alikuwa akiandika maelezo yake kwa ajili ya kazi ya shule. Maelezo yalibaki, kurasa yalizokuwa yakizieleza hazikuwapo. Alifungua kesi. Mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi, na mwezi Septemba walioathirika waliahidiwa kurudishiwa vitabu vyao au kulipwa dola 30.

Kitabu hicho cha pili wengi wetu tunakijua kwa jina la "Shamba la Wanyama", tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka mwaka 1967. Kama unayo nakala ya zamani, hata iliyochakaa jalada, iweke mahali ambapo mvua haifiki wala mchwa.